Tegu wa Dagaa Asifichwe Mwaloni

Mteja wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, akikuta samaki mwenye tumbo lililotuna isivyo kawaida, aghalabu humtupa pembeni bila kusema neno, na muuzaji naye hunyamaza, maana habari ya minyoo ikienea bei hushuka. Kwa maoni yangu, ukimya huo unatuponza.

Ukilipasua tumbo hilo kwa ukucha utamwona tegu mweupe, bapa kama utepe, amejikunja na kujaza nafasi yote. Ukimnyoosha, huenda akampita dagaa mwenyewe kwa urefu. Watafiti humwita Ligula intestinalis. Mayai yake hudondoka majini na kinyesi cha ndege wala samaki, kama mnandi. Yakianguliwa, viluwiluwi vyake humezwa na kopepoda, viumbe wadogo mno ambao dagaa huwapenda sana. Kisha dagaa huliwa na ndege, na tegu hupevuka humo na kutaga kwa siku chache tu.

Binadamu hayumo katika mzunguko huo. Wanaosoma kwamba samaki wa maziwa ya kando ya milima ya Alps, kama Como na Geneva, huambukiza watu tegu wakiliwa wabichi, wajue kwamba huyo ni tegu mwingine. Na sisi wa Kanda ya Ziwa, nijuavyo, dagaa hatumli mbichi. Huyu wetu anapatikana pia katika samaki wa Ziwa Tana, Ethiopia, lililo kwenye mwinuko wa takribani mita 1,800.

Kinachonitia wasiwasi ni uzazi. Tegu huyu hudumaza ovari na korodani za samaki, kiasi kwamba dagaa anayejaza ndoo leo huenda asitage kamwe, ilhali dagaa ndiye anayeongoza kwa uzito katika mavuno ya Ziwa Victoria. Kuwaua ndege, kama wengine wanavyopendekeza wakiwa na hasira, ni upuuzi. Afadhali vikundi vya BMU, yaani vile vya wavuvi vinavyosimamia mialo, vipasue dagaa wachache katika kila mwalo, viandike idadi ya walioathirika, na kupeleka daftari TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapa Mwanza. Sampuli zitoke katika mitumbwi tofauti, kwa kuwa samaki mwenye tegu huelekea kuogelea karibu na uso wa maji, hivyo wavu mmoja unaweza kuwabeba wengi huku wa jirani ukiwakosa kabisa.