Matumizi Elfu Mbili, na Mimi Nilitaka Moja Tu

Nilinunua kopo la WD-40, ile dawa ya kupuliza ya kulainisha vyuma, kwa ajili ya bawaba tatu za mlango wa sebuleni. Naomba jambo hilo lieleweke mapema, kwa sababu katika nyumba yangu hakuna anayekumbuka tena kwamba kopo lile lilikuja kwa shughuli maalumu, na kwamba mwenye shughuli alikuwa mimi.

Sisi tunaishi Kigamboni, mahali ambapo upepo wa bahari unasifiwa sana na watu wanaokuja Jumapili na kurudi zao jioni kwa pantoni. Wanaobaki nao wanajua kazi yake. Chumvi inakula nondo za madirisha, misumari ya bati na vitasa, na inakula hata kopo la rangi uliyoinunua kwa ajili ya kuzuia kutu. Bawaba zangu zilikuwa zimefikia hatua ya kulia kama mbuzi aliyesahauliwa juani, na kilio hicho kilikuwa kinatokea saa ambazo mtu mzima angependa kuingia nyumbani kwake kwa staha. Mke wangu hakuwahi kuniuliza nimerudi saa ngapi. Mlango ulikuwa unampa taarifa kamili.

Basi nikavuka maji mpaka Gerezani, nikanunua kopo la buluu na njano lenye mfuniko mwekundu, na muuzaji akaniambia kwa fahari kwamba dawa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya makombora. Nilidhani ananichangamsha ili nisiombe punguzo. Kumbe ni kweli. Mwaka 1953, huko San Diego nchini Marekani, kampuni moja ndogo ilikuwa inatafuta kimiminika cha kufukuza maji kwenye chuma ili kombora la Atlas lisipate kutu, na herufi zile mbili ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana hiyo hiyo ya kuondoa maji. Namba 40 imewekwa kwa sababu walifanikiwa katika jaribio la 40. Hebu tulifikirie jambo hilo kwa utulivu: watu wazima wameshindwa mara 39, na bado kesho yake waliruhusiwa kurudi kazini. Mimi nikikosea mara moja tu kufunga koki ya maji, mke wangu anampigia fundi simu mbele yangu.

Historia hiyo ingekuwa onyo kwangu kama ningeisoma mpaka mwisho, kwa sababu inasimuliwa kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha makombora walianza kuchukua makopo kimyakimya na kwenda nayo majumbani, na ndiyo sababu mwaka 1958 likaanza kuuzwa madukani. Yaani tangu siku za mwanzo kopo hili halijawahi kukaa kwenye kazi lililonunuliwa. Leo wenye kampuni wanajivunia orodha ya matumizi zaidi ya 2,000. Mimi nilihitaji moja.

Siku ile ile, kabla sijavua viatu, binti yangu mkubwa alilichukua akapuliza zipu ya begi la shule iliyokuwa imegoma tangu mwezi uliopita, nayo ikateleza kama vile haijawahi kuwa na kinyongo na mtu. Mama yake akaona. Jioni vikatolewa vyombo vyote vya plastiki vya shughuli, vile ambavyo gundi ya stika ya bei huganda juu yake na kukusanya vumbi mpaka arobaini ya mwenye shughuli. Akapuliza, akasubiri kidogo, akafuta kwa kitambaa, gundi ikatoka. Nikasema vizuri, lakini mlango. Akanijibu kwamba mlango haukimbii.

Kesho yake ilikuwa zamu ya ukuta. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa amechora tembo kwa kalamu za nta, tembo mwenye miguu sita, na mke wangu alimfuta kwa urahisi wa ajabu. Alichosahau ni kwamba dawa ile huacha mafuta, na kwamba ilimpasa auoshe ukuta papo hapo kwa sabuni ya vyombo. Kwa hiyo sasa tembo wa rangi ameondoka, na mahali pake yupo tembo wa mafuta, mkubwa zaidi, na wageni wakija wanamtazama yeye kabla ya kunisalimu mimi.

Habari zikatoka nje ya geti. Jirani mwenye bajaji alibisha hodi alfajiri ya mvua, akiwa amelowa mpaka kofia, akisema maji yameingia kwenye plagi na chombo hakiwaki. Huyu sikuweza kumnyima, maana kati ya wote ndiye peke yake aliyekuja na kazi ambayo dawa ilitengenezewa. Alipuliza kwenye waya na kifuniko cha plagi, akangoja, akajaribu tena, bajaji ikakohoa ikawaka. Aliondoka akinishukuru, na kopo akaondoka nalo, likarudi baada ya siku nne likiwa jepesi kama ahadi ya mwenye nyumba.

Ule mrija mwekundu wa kupulizia mahali pembamba haukurudi kabisa, au tuseme ulirudi kwa njia nyingine: niliukuta mkononi mwa mwanangu, ameuchomeka kwenye pakiti ya maziwa na yuko tayari kunywa. Nilimpokonya kwa kasi ambayo sikujua kwamba bado ninayo. Siku hiyo hiyo nilimzuia dada wa kazi asipulize swichi ya jiko la gesi huku moto unawaka, ilhali kopo lina picha ya moto ambayo haihitaji elimu yoyote. Mbona bawaba, ambazo haziwezi kumuunguza mtu, hakuna aliyezikumbuka?

Shemeji yangu ndiye aliyenitia hasara kubwa. Alipuliza mnyororo wa baiskeli yake, ukanyamaza, akatangaza mtaa mzima kwamba mimi ni fundi. Baada ya siku chache mnyororo ulianza kulia kuliko mwanzo, kwa sababu sehemu kubwa ya dawa hii ni viyeyusho vinavyopenya, vikayeyusha na grisi ya zamani, kisha vikaruka, vikaacha utando mwembamba wa mafuta usioweza kuhimili kazi ya mnyororo. Baada ya kuusafisha hivyo ilimpasa atie oili yenyewe. Nilimweleza. Yeye akaelewa kwamba ilikuwa haitoshi, akaongeza, na safari hii akapuliza na breki kwa kuwa nazo zilikuwa zinapiga kelele. Kelele zilikwisha. Na breki zilikwisha. Aliteremka mteremko wa kuelekea sokoni na kuingia kwa mama ntilie bila kupunguza mwendo, na sahani saba za wali maharage alizozimwaga nimelipia mimi, kwa hoja kwamba dawa ilikuwa yangu.

Mama mkwe wangu, ambaye ninamheshimu sana na ambaye alikuja kwa wiki moja mwezi wa tatu na bado yupo, alifuatilia mambo hayo yote kwa makini, kisha akaniita. «Baba Asha,» akasema, «kama dawa hii inalainisha kiungo cha mlango, goti langu lina kosa gani?» Nilimweleza kwa adabu zote kwamba uvumi wa kutibu maumivu ya viungo upo kweli, na wenye kampuni wenyewe wameukanusha, kwamba ni mafuta ya mashine wala si ya kuchua. Akanyamaza. Mpaka leo anawaambia wageni kwamba mkwe wake alimnyima dawa.

Nami, nikihofia kwamba kopo litakwisha kabla sijanufaika nalo, nilifanya jambo moja kwa haraka: nikapuliza kufuli la geti. Fundi wa funguo aliyekuwa anapita, akaniona, akatikisa kichwa, akasema kwamba mafuta ndani ya kufuli yatashika vumbi la barabara yetu na kuwa tope, na kwamba kinachofaa ni unga mkavu wa penseli, uusugue kwenye meno ya ufunguo basi. Mke wangu alikuwepo. Mimi nilicheka, maana ufunguo ulikuwa unazunguka kama kijiko ndani ya uji.

Wiki ya tatu kopo lilitoa pumzi yake ya mwisho, na mlango bado unalia. Ndipo mama mkwe alipoinuka na goti lake, akachovya unyoya wa kuku kwenye mafuta ya nazi, akapitisha kwenye bawaba zote tatu na kurudi kwenye mkeka. Mlango ukanyamaza kabisa. Sikuona haya hata kidogo. Niliona usiku mrefu wa uhuru umefunguka mbele yangu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kibanda umiza kutazama mpira uliofika dakika za nyongeza na kisha penalti. Nilirudi saa saba za usiku, nikitembea kwa vidole, nimeridhika. Ufunguo uliingia nusu ya kufuli, ukagoma. Nikausukuma, nikautikisa, nikaupuliza kwa mdomo, geti likaanza kugonga kama mabati ya harusini, mbwa wa mtaa mzima wakaamka. Mlango wa sebuleni ukafunguka bila sauti yoyote, akatoka mke wangu na tochi, amechomeka penseli ya mtoto sikioni.

Aliipitisha kwenye tundu la geti, akaninyooshea tochi usoni.

«Baba Asha, penalti ya mwisho alikosa nani?»