Dozi, marudio na ubongo: njia panda ya Nancy Andreasen

Kabla ya kuwa daktari wa magonjwa ya akili, Nancy Andreasen wa Marekani alikuwa msomi wa fasihi ya Kiingereza, mtafiti wa mashairi ya John Donne. Maambukizi yaliyompata alipojifungua mtoto wake wa kwanza, ambayo bila antibayotiki yangeweza kumuua, yalimsukuma aingie katika udaktari, lakini sikio la msomaji wa mashairi alikwenda nalo. Mwaka 1979 alichapisha kipimo cha fikra, lugha na mawasiliano ya wagonjwa, kisha kingine cha yale ambayo skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, humpokonya mtu: anaulizwa swali refu akajibu neno moja, uso haubadiliki hata anaposimulia msiba, umakini unamponyoka katikati ya mazungumzo. Kwangu, huo ndio mchango wake mkubwa, kwa sababu mgonjwa ambaye sauti kichwani zimenyamaza bado hushindwa kurudi kazini kwa ajili ya mambo hayo hayo.

Ubishi ulizuka kwingine. Mwaka 2011, yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa walitoa matokeo ya wagonjwa 211 waliopigwa picha za ubongo kwa mashine ya MRI mara kwa mara, kwa wastani wa miaka 7 hivi. Waliotumia dawa za saikosisi (hali ya kupoteza mguso na uhalisia) kwa wingi zaidi walipoteza tishu nyingi zaidi za ubongo. Tayari mwaka 2008 alikuwa ameeleza kwamba aliyashikilia matokeo hayo kwa miaka kama miwili ili ajiridhishe. Anayemeza vidonge hivyo kila siku ana haki ya kuuliza kwa nini hakuambiwa mapema, nami namuunga mkono. Ila tangazo la haraka lingeweza kuwafanya wengi waache dawa na kuzidiwa. Isitoshe, wagonjwa hawakugawiwa dozi kwa kura, na aliye taabani ndiye huongezewa, kwa hiyo huenda ni ugonjwa wenyewe, si dawa, uliopunguza ubongo.

Mwaka 2013 timu hiyo hiyo ilionyesha upande wa pili: kadiri ugonjwa unaporudi unavyokaa muda mrefu, ndivyo ubongo unavyopungua. Kwa hiyo anayetumia utafiti wa 2011 kuhimiza watu waache dawa anasoma nusu ya kazi ya Andreasen, na anayeongeza dozi bila kupima kumbukumbu na umakini wa mgonjwa anasoma nusu nyingine. Mimi naegemea dozi ndogo kabisa inayotosha kuzuia marudio, ingawa kuipata humtaka daktari aonane na mgonjwa mara nyingi na kumsikiliza anavyojibu.