Kutu ya Malindi na Bei ya Mnada

Dalali alikuja asubuhi, jua halijapanda, mkononi ana tochi na kitambaa kilicholowa mafuta ya taa. Hakutazama rangi wala hakugusa milango. Alilala chali kwenye mchanga wa uani kwa mzee jirani yetu, hapa Barani, akajisukuma chini ya Land Rover na kuanza kusugua chesisi pale springi ya mbele ya kulia inaponing'inia. Alikuwa akitafuta namba. Alipoiona akaipiga picha. Kisha akafungua boneti, akachungulia, akaguna.

"Mzee, injini hii si yake."

Si yake kweli. Ni ya Toyota, ile aina inayoitwa 3L, dizeli, iliyotolewa kwenye Hiace ambayo bodi ilikuwa imekwisha. Ile ya kwanza, ya petroli, lita 2.25, iling'olewa zamani, siku mzee alipopiga hesabu akaona gari linakunywa kuliko samaki wanavyolipa. Land Rover yenyewe ni 109, ile ndefu, na tangu niko shule ya msingi inabeba barafu kwenda Ngomeni na kurudi na changu na kole kole. Kwa simu dalali alikuwa ametaja laki tisa, maana ana mteja ng'ambo. Baada ya kuchungulia akasema laki tano.

Mzee hakukasirika. Alishangaa tu. "Kwa hivyo kosa langu ni kulitengeneza?"

Nimelibeba swali hilo mwezi mzima. Wapenda magari wamekuwa wakibishana juu yake dunia nzima, ila wao hawanuki samaki.

Mnada sisi tunaujua. Ukiteremka pwani mashua zinapoingia utawaona samaki wamemwagwa, dalali anapiga bei, na kila jua linapopanda bei inateremka. Asiyeuza kufikia adhuhuri anakula hasara au anakula samaki. Mnada wa magari ya kale unakwenda kinyume: kitu kadiri kinavyokaa ndivyo kinavyopanda, mradi mkono wa mtu haujakigusa. Mei 2022, katika jumba la makumbusho la Mercedes-Benz mjini Stuttgart, gari moja aina ya 300 SLR Uhlenhaut Coupé liliuzwa kwa euro milioni 135. Yalitengenezwa mawili tu, mwaka 1955, na la pili kampuni imebaki nalo. Mwaka uliofuata, New York, Ferrari 250 GTO iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 51. Hizo nazo zilitengenezwa 36 tu, kati ya 1962 na 1964. Kwa bei kama hizo, namba iliyogongwa kwenye chuma ndiyo mali. Injini iliyozaliwa na gari ikiwa bado imo ndani, gari ni la ukoo. Ikiwa imebadilishwa, ni mtoto wa kulea.

Wengi hapa mjini husema huo ni wazimu wa wenye pesa, na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Siku hizi nasita. Bila wazimu huo magari mengi yangekatwa yakauzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Kwa kuwa kuna mtu atalipa, kuna fundi anayelipwa kugonga bati kwa mkono, kuna mwingine anayeshona viti kwa ngozi, kuna viwanda vinavyofyatua upya spea ambazo zilikuwa zimesahaulika. Nairobi kuna mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanza 1970 chini ya klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo, ambako majaji hukagua gari mpaka uvunguni. Unaweza kucheka, lakini mtu aliyejua gari lake litakaguliwa uvunguni hawezi kulisahau likalika na kutu.

Ubaya wa soko hili kwetu ni kwamba mlango wake unafunguka upande mmoja. Marekani, gari likishatimiza miaka 25 linaruhusiwa kuingia bila kutimiza masharti ya usalama wanayowekewa magari mapya, ndiyo maana Land Rover na Land Cruiser za zamani zinasakwa kila pembe ya dunia. Kenya sheria iko kinyume: gari la mtumba likipita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa kawaida haliingii. Kwa hivyo Land Rover ya mzee ikipandishwa meli Kilindini, usitarajie kuiona tena. Ikiondoka imeondoka.

Na je, ikibaki? Hapo ndipo wanaohubiri usafi wa asili wanaponichosha kidogo, kwa sababu hawajaishi na chumvi. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo sababu bodi ikafanywa kwa aloi ya alumini. Chesisi ikabaki chuma. Matokeo yake, gari la pwani huzeeka kuanzia miguuni. Bodi utaikuta imepondeka lakini nzima, chini yake chesisi imekuwa kama mkate uliolowa chai, unaweza kuingiza kidole. Kuosha kila jioni hakusaidii sana, maana visima vingi vya hapa navyo vina chumvi. Chesisi ya mzee imechomelewa viraka mara nyingi, na fundi wake anaikumbuka kila kiraka na mwaka wake kama mtu anayehesabu uzazi wa wanawe. Ukitaka Land Rover ya Malindi isiyoguswa, utapata lundo la kutu lenye bodi nzuri juu yake.

Sisi watu wa pwani tuna mfano wetu katika jambo hili, nao unakata pande zote mbili. Tazama jahazi. Ubao ukioza hutolewa ukawekwa mwingine, tanga likichanika linabadilishwa, leo nyingi zina mashine nyuma, na hakuna aliyesimama Lamu akasema hilo si jahazi tena. Limeishi kwa kubadilishwa. Kwa mwenye fikra hii, 3L ndani ya Land Rover haina tofauti na ubao mpya wa mkuku.

Lakini kuna mtepe. Chombo kilichoshonwa kwa kamba za kumbi bila msumari, kilichobeba mali ya pwani hii karne nyingi. Mtepe haukuishi kwa kubadilishwa. Watu walihamia vyombo vingine, wa mwisho ukaoza, na leo anayetaka kuuona anaangalia mfano mdogo ndani ya makumbusho ya Lamu. Hatukumkosa mtu wa kuutumia tu. Tulimkosa pia mchoyo mmoja, mtu wa kusema huu msiuguse, usisafiri, usibadilishwe, ukae hapa kama ulivyo. Laiti angekuwapo mkusanyaji mwenye kiburi wakati ule, nyuzi zile tungezishika kwa mikono yetu leo. Kila ninapotaka kumcheka mtu wa minada namkumbuka mtepe, kicheko kinakwama.

Sasa ameingia mtu wa tatu kwenye ubishi. Mwana wa mzee amesomea umeme Mombasa, na anataka kutoa injini yoyote ile, ya Toyota au ya Kiingereza, aweke mota na betri. Hesabu zake si za kipuuzi. Ngomeni ni kilomita 30 hivi, unakwenda na kurudi kwa chaji moja hata kwa betri ya wastani. Mota ya umeme inatoa nguvu zake zote za kuvuta tangu gurudumu halijazunguka, na mwenye kujua mchanga wa Ngomeni anajua thamani ya hilo. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya inatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, na upepo wa Turkana; na tangu 2021 hapa hapa nyuma yetu, Langobaya, kuna shamba la paneli za jua la megawati 40. Kijana anasema, jua letu wenyewe libebe samaki wetu wenyewe. Maneno matamu.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja: "Na maji ya barafu, mwanangu, yatapita wapi?" Maana yake, sakafu ya Land Rover ile inavuja brini, maji ya chumvi, siku nzima, na betri zingekaa chini yake. Kijana alinyamaza. Si swali lisilo na jibu, masanduku ya betri yasiyopitisha maji yapo, ila betri na sanduku lake na kidhibiti chake vinagharimu kuliko gari lenyewe. Na siku kitu kikifa, nani hapa Malindi atafungua waya wa volti mia kadhaa akabaki hai? Wapo wanaojifunza. Bado ni wachache.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, linalohesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na miaka 30 au zaidi, halipendi mambo haya ya mota. Ushauri wake kwa anayeshikilia ni kwamba mabadiliko yawe ya kurudishika, na vilivyotolewa vihifadhiwe. Kwangu huo ndio ushauri wa maana kuliko yote katika ubishi huu, na ajabu yake umetoka kwa watu ambao wangemkatia mzee alama zote.

Wanaosifu vya kale wana tabia ya kusahau kitu kimoja, nami nikiwa mmoja wao. Gari la zamani linaua. Land Rover ile ina breki za dramu ambazo zikilowa unaomba dua, usukani wa kupigana nao, na mikanda ya kiti haijawahi kuiona. Upande wa pili, magari ya mtumba yanayotoka Japani sasa yanakuja yamefundishwa. Subaru ya shemeji yangu ina kamera mbili juu ya kioo cha mbele. Jioni moja karibu na Gongoni ilifunga breki yenyewe, sisi tunasukumana mbele, ndipo tukamwona punda barabarani. Shemeji alikuwa hajamwona. Sitaki kumsikia mtu akiniambia teknolojia hiyo ni anasa.

Kisha jiwe la lori likapasua kioo. Kikawekwa kingine, kizuri tu, ila kamera zile zinatakiwa kupimwa upya kila kioo kinapobadilishwa, na aliyekiweka hakuwa na kifaa. Tangu siku hiyo taa za manjano zinawaka kwenye dashibodi na breki ya kujifunga imekufa. Mfumo wa kushika mstari nao, ule unaousukuma usukani ukipotea njia, haukuwahi kuwa na kazi kubwa kwetu, kwa sababu mistari yenyewe upepo umeifunika mchanga. Kilichobaki kizima ni yule mwanamke wa Kijapani ndani ya spika, anayemlalamikia shemeji kila asubuhi kwamba hajaweka kadi ya kulipia barabara za Japani. Shemeji humwitikia "haya, mama" na kuondoka.

Hivyo basi lile la zamani hulijui kama litasimama, lakini unajua kwa nini. Lile jipya linasimama lenyewe, na siku likigoma hujui uanzie wapi. Ningependa kusema uzani ni sawa, lakini mimi nikimpakia mwanangu nataka lenye kamera.

Kando kidogo: watu husema Malindi ni Italia ndogo kwa sababu ya piza na jelato. Mtaliano wetu wa kweli ni tuktuk. Piaggio ilianza kutengeneza Ape, mama wa tuktuk zote hizi, mwaka 1948, mwaka ule ule wa Land Rover, ingawa leo nyingi zinazotupita zinatoka India. Italia kwenyewe Ape za kale zina wapenzi wake. Hapa sijamwona dalali akilala chini ya tuktuk na kitambaa.

Nikirudi kwa mzee, naona dalali na kijana wote wana haki na wote wanakosea mahali pamoja. Dalali anaona gari lilivyotoka kiwandani, kijana anaona litakavyokuwa, na hakuna anayeihesabu ile miaka ya katikati, viraka na 3L na harufu. Ningekuwa mimi nisingeuza. Ningeibadilisha chesisi yote kabla ya kufikiria mota, nikabaki na dizeli mpaka fundi wa umeme apatikane mjini, na ile namba ya springi ya mbele ningeikata vizuri nikaitunza. Najua pia kwamba laki tano ni karo, na karo si yangu.

Wiki iliyopita dalali alipiga simu tena. Akauliza kama ile injini ya kwanza bado ipo. Ipo, kwa sababu mzee hatupi kitu. Imekaa chini ya banda la makuti, imefunikwa turubai, na kuku mmoja ameifanya kiota. Dalali akasema ikiwa inazunguka atarudi kwenye laki tisa, na hata yenyewe peke yake ataitolea kitu.

Ijumaa baada ya sala fundi alimwondoa kuku, akafungua plagi nne, akamimina dizeli kwenye matundu na kuiacha. Jumapili akatia spana kwenye krenki akaivuta kwa uzito wake wote. Ikagoma, ikagoma, kisha ikasogea robo mzunguko. Mzee aliinama akaitazama kwa muda. Halafu akasema ifunikwe, simu imelia, mashua zimeshaingia Mayungu na barafu inayeyuka.