Mchoro wa somo ni kazi: apewe mwanafunzi, na alipwe

Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Hata hivyo kijana wa hapa Amu, yaani Lamu mjini, anayesomea viumbe vya bahari anaweza kumaliza muhula mzima akitazama picha ya mikoko ya Florida. Nimeiona mwenyewe kwenye simu ya kijana wa jirani alipokuja likizo: slaidi ya mhadhara, picha iliyonyofolewa intaneti na kuvutwa hadi ikapoteza umbo, maandishi ya pembeni hayasomeki. Mkoko wa Florida na wa kwetu ni ndugu, lakini si mti mmoja. Na mlilana, aina ya mkoko inayotangulia mbele ya zote kukabili mawimbi, huko hauoti. Kijana yule amekua akipita kwenye mikoko kwa mtumbwi, anaujua mchu kwa mizizi yake inayochomoza topeni kupumua, anaujua mkoko wenyewe kwa mizizi yake iliyosimama kama magongo. Chuoni anafundishwa kana kwamba hajawahi kuiona.

Linaniuma jambo hili kwa sababu dawa yake tunayo. Vyuo vyetu vina wanafunzi wa sanaa na usanifu wa michoro. Wanajifunza kuchora, kupanga kurasa, kuhariri video, kurekodi sauti, kutengeneza katuni zinazotembea. Kazi zao nyingi za darasani ni nembo ya mkahawa ambao haupo na bango la tamasha ambalo halitafanyika. Zinasahihishwa, zinapewa alama, zinafungiwa. Jengo la pili yake yuko mhadhiri anayehangaika usiku kutafuta mchoro wa somo la kesho asubuhi. Wakutanishwe hao wawili. Mwanafunzi apewe michoro ya masomo, na apewe kama kazi: kwa makubaliano ya maandishi, kwa malipo na kwa jina lake.

Nieleze kwa nini nasema mwanafunzi, tena ikiwezekana mwanafunzi wa mahali penyewe.

Binti mmoja wa mtaani kwetu anasomea usanifu wa michoro. Mhadhiri wa fizikia alimwomba mchoro wa jahazi kwa somo la nguvu ya upepo kwenye tanga. Akauchora huko huko chuoni kwa kuangalia picha, kisha alipokuja nyumbani akataka uonwe na mtu anayejua. Tukaenda naye Matondoni, kwa mafundi wa vyombo. Fundi tuliyemkuta alikuwa akikalafati dau, yaani akiziba nyufa za mbao zake, pamba mkono huu, nyundo mkono huu. Akaipokea tableti, akaitazama kimya, kisha akaweka kidole chini ya tanga.

“Mwanangu, mti huu wa chini ni wa nini?”

“Si wa kushikilia tanga, ami?”

“Tanga letu halina mti chini. Mti wake uko juu, ndiyo foromali, na huku nyuma lina kamba, ndiyo demani. Ukiuweka mti hapo, chombo hiki si chetu. Ndoo utizame.”

Akampeleka kwenye mashua iliyokuwa inajitayarisha kutoka, akamshikisha kamba ya demani, akamwambia aivute, ailegeze, aivute tena. Tanga likajaa, likapwaya, likajaa. Binti akarudi kivulini akafuta ule mti, akailaza foromali kwa mshazari wake kwenye mlingoti, na mshale wa nguvu aliokuwa ameubandika kwenye mti usiokuwepo akauhamishia kwenye demani. Baadaye akatengeneza video fupi: kamba inavutwa, pembe ya tanga inabadilika, chombo kinashika mwendo. Hayo ndiyo mhadhiri aliyokuwa akiyataka tangu mwanzo. Fizikia yenyewe ilikuwa ndani ya ile kamba.

Tangu siku ile siamini tena kuwa mchoro wa somo ni pambo. Ni hoja iliyoandikwa kwa mistari, na inaweza kuwa sahihi au kuwa na kosa kama sentensi nyingine yoyote kitabuni. Wenzetu wa tiba walilijua hili zamani. Mwaka 1911 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore kilifungua idara ya kufundisha wachoraji wa tiba, ya kwanza ya aina yake, chini ya mchoraji Mjerumani Max Brödel. Alisisitiza kuwa mchoraji hana ruhusa ya kuweka kalamu karatasini kabla hajakielewa kitu chenyewe. Ndiyo kanuni ile ile ya fundi wa Matondoni, ingawa yeye hakuifungulia idara.

Na kwamba mwanafunzi anaweza, ushahidi upo karibu na sisi kuliko Baltimore. Mwishoni mwa mwaka 2021 mchoro wa mtoto mweusi akiwa tumboni mwa mama mweusi ulizunguka dunia nzima kwenye simu za watu. Wengi waligundua siku hiyo kuwa hawajapata kuuona mchoro wa namna hiyo maishani mwao, wakiwemo madaktari. Aliyeuchora ni Mnigeria, Chidiebere Ibe, kijana wa masomo ya utabibu aliyejifundisha kuchora. Vitabu vilikuwa vimechora ngozi nyeupe miaka yote, na upele kwenye ngozi nyeupe haufanani na upele kwenye ngozi yetu. Muuguzi anayesomea kazi yake Mombasa kisha akapangiwa kazi Faza au Kizingitini atawahudumia watu weusi kuanzia mgonjwa wa kwanza.

Hapa kwetu kazi ya mkono kwa ajili ya elimu si jambo la kuazima. Siyu, hapo kisiwani Pate, ilijulikana katika karne ya 18 na ya 19 kwa wanakili wa Qur'ani waliopamba kurasa kwa wino wa rangi, na pambo lao lilikuwa na kazi: lilimwonyesha msomaji sura inapoanza na juzuu inapogawanyika. Walikuwa wakipanga ukurasa ili usomeke. Kijana wa leo akikaa na programu yake akaamua kichwa cha habari kiwe wapi na mshale uishie wapi, anafanya kazi ya wale wazee.

Yako mengi yanayongoja kuchorwa. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, na sijui mahali pazuri zaidi pa kumfundishia mwanafunzi wa usanifu wa majengo. Mchoro mmoja wa nyumba iliyokatwa ubavuni, ukionyesha ukuta wa mawe ya matumbawe, chokaa, zidaka (vishubaka vya ukutani) na boriti za dari, utamweleza mara moja kwa nini vyumba vyetu ni virefu na vyembamba: upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Malindi na Watamu wana hifadhi za bahari tangu mwaka 1968, na vijana wa huko wanaojua kupiga mbizi. Mchoraji wa matumbawe atoke wapi kama si miongoni mwao?

Lakini kuchora vizuri peke yake hakutoshi. Profesa Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amefanya majaribio kwa miaka mingi kuhusu jinsi watu wanavyojifunza kwa maneno na picha pamoja, na matokeo yake kila mwanafunzi wa ubunifu angepaswa kuyajua kabla ya kupewa kazi hii. Jina la sehemu likae kando ya sehemu yenyewe, lisitupwe chini kwenye orodha ya namba. Sauti ikieleza, usiandike maneno yale yale tena kwenye skrini. Na mapambo yasiyohusu somo, hata yakipendeza, hupunguza kuelewa. Hili la mwisho ndilo gumu kwa vijana, maana wanapenda kuonyesha wanachoweza: herufi zinaruka, muziki unapiga, na mzizi wa mchu umefunikwa na kimulimuli. Hapo mhadhiri awe na ujasiri wa kusema ondoa.

Halafu kuna bando. Mwanafunzi anayesoma akiwa Kiunga au Pate hawezi kupakua video nzito kila juma. Mchoro wa vekta, ambao kompyuta huuhifadhi kama mistari na vipimo badala ya nukta za rangi, huwa mwepesi mno, na ukiukuza hauvunjiki. Programu za kuchorea zipo za bure: Inkscape ya vekta ipo tangu 2003, Krita ipo, na Blender kwa vitu vinavyotembea. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2023, kinafundisha kwa mtandao. Chuo cha namna hiyo kinahitaji michoro myepesi kuliko kinavyohitaji ukumbi wa mihadhara.

Wako watakaosema siku hizi akili mnemba itachora kwa dakika moja. Nimeiomba jahazi. Ilinipa chombo cha kupendeza chenye kamba zisizoshika popote, na mti chini ya tanga. Anayeweza kuligundua kosa hilo ni yule aliyeshikishwa demani, kwa hiyo bado tunarudi kwa binti wa mtaani kwetu.

Sasa malipo, na hapa sitamung'unya maneno. Nimesikia mara nyingi vijana wakiambiwa “utapata uzoefu”. Uzoefu haulipi karo wala haununui nauli ya basi kutoka Mokowe. Baadhi ya vyuo vina mpango wa kuwalipa wanafunzi wanaopanga vitabu maktaba au kusaidia ofisini, na michoro ya masomo iingizwe humo humo. Ikibidi ihesabiwe kuwa atachi, yaani mafunzo ya kazini, sawa, lakini posho iwepo.

Na vijana waijue sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pawe na makubaliano ya kuzuia au kupunguza hilo. Maana yake kijana anayechora kwa maneno matupu ya barazani amekwisha kutoa haki yake bila kujua. Karatasi moja inatosha: chuo kitumie mchoro kwa masomo yake, mchoraji abaki na ruhusa ya kuuonyesha anapotafuta kazi, na jina lake liwe chini ya mchoro popote unapokwenda. Haki ya kutajwa kuwa yeye ndiye mwenye kazi anayo kisheria hata hakimiliki ikiwa imehama. Chuo nacho kidai faili asili, yenye majina ya sehemu kwenye tabaka lake peke yake, lililotengwa na mchoro wenyewe, ili mwakani kosa lirekebishwe au majina yaandikwe kwa Kiswahili bila kuanza upya. Mwanafunzi akishahitimu na kompyuta yake ikaharibika, picha iliyobaki kwenye slaidi haisahihishiki.

Ubora unalindwa kwa utaratibu mwepesi. Mhadhiri akague ukweli. Kisha mchoro uwekwe mbele ya wanafunzi ambao hawajalisoma somo, bila maelezo, waulizwe wanaona nini. Wakisema sivyo, urudi mezani, na muda wa kuurudisha ulipiwe pia.

Na yule fundi wa Matondoni aliyeacha pamba na nyundo yake mchana mzima, naye chuo kimlipe siku yake. Akiridhia, jina lake liandikwe pamoja na la binti.