HR wa Kigoma na hesabu ya siku 30

Ndugu zangu wa Kigoma, tuliokuja kufanya kazi Uingereza hatukukuta HR, yaani maafisa wa rasilimali watu, wenye huruma kuliko wa nyumbani. HR ni mtu wa mwajiri popote pale. Kinachomtia adabu huku ni karatasi. Mfanyakazi akiandika mistari mitatu kuomba taarifa zake, kampuni kwa kawaida ina mwezi mmoja kumpa: jalada, tathmini, hata barua pepe ambazo mameneja walitumiana wakimjadili. Afisa anayejua kwamba utakuja kumsoma huandika kwa uangalifu. Ila tusidanganyane: anayeishi huku kwa viza inayodhaminiwa na mwajiri mara nyingi hunyamaza hata akionewa, maana akipoteza kazi anaweza kubaki na siku 60 tu za kupata mdhamini mwingine au kuondoka.

Kinachouma ni kwamba nyumbani sheria za kumlinda mfanyakazi tunazo. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinataka mtuhumiwa apewe muda wa kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu, usiopungua saa 48, na aruhusiwe kuingia na mfanyakazi mwenzake au kiongozi wa chama. Sasa angalia kinachofanyika: simu inapigwa saa tatu asubuhi, kikao saa nane mchana, na afisa aliyechunguza tuhuma ndiye anayekaa kiti cha mwenyekiti. Kikao cha namna hiyo ni kibovu hata kama kosa lilitendeka, kwa sababu sheria inadai sababu halali na utaratibu wa haki, vyote viwili, na mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri.

Tatizo kubwa zaidi ni umbali. Mradi uko Kasulu au Kibondo, HR yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Kigoma mjini. Aliyeachishwa anaambiwa, "Makao makuu wanalishughulikia, subiri kidogo." Anasubiri kwa heshima. Lakini mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa au tangu mwajiri atoe uamuzi wa mwisho. Migogoro mingine ni siku 60. Ukichelewa, unaanza kwa kuomba usikilizwe nje ya muda, na "HR aliniambia nisubiri" ni sababu dhaifu kama huna maandishi. Kwa hiyo mazungumzo yaendelee, ila siku zihesabiwe tangu ya kwanza. (Watumishi wa umma wana njia yao ya rufaa, wasiichanganye na hii.)

Fomu yenyewe ni CMA F1. Wengi hukosea Sehemu B, ile ya walioachishwa kazi tu: wanaiacha wazi, au wanalalamikia sababu na kusahau utaratibu. Jaza vyote viwili. Nakala mpelekee mwajiri kwanza, na ubaki na ushahidi kwamba ameipokea, ndipo uiwasilishe Tume. Kama ofisi ya tawi la mwajiri inakataa kugonga muhuri, nenda Posta, tuma kwa rejista, tunza risiti.

Kwa wa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, "mkataba umeisha" si lazima liwe neno la mwisho. Kama mwajiri alikupa matarajio ya msingi kwamba ataongeza, kwa mfano amekupangia kazi za mwaka unaofuata kwa barua pepe, kutoongeza kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kukuachisha. Barua pepe hizo zihifadhi nje ya akaunti ya ofisi mapema, maana akaunti hufungwa siku ileile unapoondoka.

Ukiletewa barua ya kuachishwa kazi, usisaini chini ya maneno "sina madai yoyote" kwa sababu tu umeambiwa cheki haitatoka bila saini. Andika kwa mkono wako, "Nimepokea, sijakubali," tarehe, kisha piga picha kurasa zote. Na jalada lako liombe: sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 inakupa haki hiyo ukiwa Mwanga au Ujiji, kama sisi tulio huku. Barua iwe nakala mbili, moja ibaki kwako ikiwa na muhuri wao.