Masaa kumi tu ya taarab yanatosha kuanzia

Kuna jambo nataka wapigaji wenzangu wa Unguja na Pemba tulizungumze wenyewe kabla hatujazungumziwa. Mwaka mzima huu kazi yangu imekuwa utafiti wa teknolojia ya muziki, mchana nachambua sauti kwenye kompyuta, usiku napiga fidla, na hapo katikati nikipata nafasi natunga. Na kila nilikoingia, iwe utafiti iwe utunzi, nimekuta tatizo ni lile lile, hizi programu zinazosikiliza muziki hazijawahi kutusikia sisi. Mie naona dawa yake iko hapa hapa kwetu na wala haihitaji studio ya mamilioni.

Chukua hizi programu za kutenganisha nyimbo, yaani unaipa wimbo uliokwisha rekodiwa inakutolea mwimbaji peke yake, ngoma peke yake. Demucs ya watu wa Facebook na Spleeter ya Deezer zote zilitoka 2019, zote za bure, na ni kazi kubwa, mie siwabezi. Sasa nikaipa Demucs rekodi ya kundi zima, fidla, udi, ganuni ile ya nyuzi nyingi za kulazwa, akodiani, nai ya kupuliza, chelo, dumbak na riki. Mafungu yake ya kawaida ni manne tu, mwimbaji, ngoma, besi, halafu fungu la vyengine vyote. Basi ganuni, udi, fidla na akodiani wote wakatupwa humo humo kwenye vyengine, lundo moja, chelo nusu ikaenda kwenye besi nusu ikabaki, na nai kila ikipanda juu mashine inadhani ni mtu anaimba inaibandika kwa mwimbaji. Yaani kile ambacho kwetu ndio taarab yenyewe, kwa mashine ni mabaki.

Na sababu iko wazi kabisa. Mkusanyo unaotumika sana kufundishia na kupimia programu za aina hii, Demucs ikiwemo, unaitwa MUSDB18, una nyimbo 150, zote pamoja kama masaa kumi tu, na nyingi ni pop na rock za kizungu ambazo kila fungu katika yale manne limehifadhiwa peke yake. Mashine imefundishwa gitaa na dramu, utaidai vipi ganuni? Mimi hiyo namba ya masaa kumi ndio iliyonikalisha kitako. Masaa kumi! Kundi la Ikhwani Safaa lipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, bado vijana wanaopiga maharusini kila wiki, sisi masaa kumi tunayashindwa kweli?

Lakini ntarudi huko, kwanza niseme la sauti maana ndilo linaloniuma zaidi. Auto-Tune mnaijua, aliyeitoa ni Andy Hildebrand mwaka 1997, na kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kuchambua mawimbi ya sauti yanayopigwa chini ya ardhi kutafutia mafuta. Inafanya nini, inasikiliza noti unayoimba halafu inakuvuta kwenye noti ya kinanda iliyo karibu. Kwenye kinanda noti mbili zilizopakana zina umbali wa senti 100 (kipimo cha noti hicho, si pesa), oktava nzima senti 1200. Sasa mwimbaji anaeimba Bayati, moja ya mipangilio ya noti ya Kiarabu tunayoitumia, noti yake ya pili haikai kwenye kinanda, inakaa kati na kati, kwa hiyo mashine inampeleka juu, inamrudisha chini, inampeleka juu tena, sauti inatetemeka kama redio inayotafuta stesheni. Nimekaa studio moja hapa mjini nikamsikia fundi anamwambia binti wa watu kwamba hajui kushika noti, na yule binti kaimba sawasawa kabisa, kaimba kama alivyofunzwa na waliomtangulia. Alikuwa anatazama chini tu. Hilo halifai jamani, tunawafukuza wenye masikio mazuri kwa sababu ya setingi.

Na ni setingi kweli, ndio maana sikubaliani na wazee wanaosema kompyuta imekuja kuua taarab. MIDI ya 1983, ile lugha ya vinanda na kompyuta kuzungumza, ina noti 128 lakini ndani yake mna njia ya kupindisha noti, vinanda vya Yamaha na Korg vinavyouzwa nchi za Kiarabu vina vitufe vya kushusha noti kwa robo, na kuna programu ya bure inaitwa Scala ambayo mpangilio mzima wa noti unauandika kwenye faili dogo la maandishi, namba tu, halafu unaliingiza kwenye sinthesaiza inayolikubali. Mlango upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika namba zetu.

Namba zetu ni zipi sasa? Hapo ndipo utafiti wenyewe uliponinogea. Vitabuni utaambiwa oktava ya Kiarabu ina robo 24 zilizo sawa, na mwaka 1932 kulifanywa mkutano mkubwa Cairo kujaribu kulimaliza jambo hilo, wakabishana na hawakumaliza. Sisi ganuni tumeipata huko huko, tunavyohadithiwa Sultan Barghash ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri kwenda kujifunza, lakini Barghash kafariki 1888, tangu hapo chombo kimekaa na masikio ya Unguja zaidi ya miaka mia. Nikamfuata maalim mmoja mpigaji ganuni, nikamuomba anipigie Rasti, mpangilio mwengine kama Bayati, polepole, kwenda na kurudi. Nikamuona akipanda kanyanyua vibati viwili vile vidogo vilivyo kushoto mwa nyuzi, akishuka karudisha kimoja. Namuuliza maalim mbona noti ni ile ile, akanambia "Kwenda na kurudi si njia moja mwanangu, ukishuka ipumzishe kidogo." Nikaitia ile rekodi kwenye Tarsos, programu iliyotengenezwa Ubelgiji hasa kwa ajili ya kupima noti za rekodi za zamani za Afrika zilizohifadhiwa makumbusho ya Tervuren, na pale kwenye noti ya tatu ambapo kwenye mchoro ingetakiwa kutoka kilima kimoja vikatoka viwili vimepakana. Kitu ambacho maalim anakifanya kwa kidole tangu ujana wake sasa kimechoreka kwenye skrini. Faili langu la Scala nimeliandika lina noti mbili hapo, ya kwendea na ya kurudia.

Sasa yale masaa kumi. Tatizo la kurekodi kila chombo chumbani peke yake ni kwamba taarab haipigwi hivo, fidla inamsikiliza mwimbaji, nai inaisikiliza fidla, ukimvalisha mtu hedifoni zenye mdundo wa kompyuta anapiga kama anafanya mtihani. Nilichokiona kinafaa ni maiki za kubandika, zile za piezo, bei ndogo, unabandika kwenye ubao wa kila chombo, watu wanakaa duara kama kawaida yao wanapiga pamoja na kila chombo kinaingia kwenye njia yake, mwimbaji na nai wanapewa maiki ya kawaida. Feni unazima, adhana ikilia mnasimama, bodaboda za nje hata hazisikiki sana maana ile maiki inashika mtikisiko wa mbao zaidi kuliko hewa.

Maiki hizo hizo ndizo nilizotumia kwenye utunzi pia. Nimebandika moja kwenye sanduku la kidumbak, ile besi ya uzi mmoja, nikaipeleka kwenye Pure Data, programu ya kutengenezea sauti, kompyuta inaufata ule uzi mmoja na inajibu kwa sauti za nazi na mawimbi nilizozirekodi Bwejuu. Sanduku linaongoza, kompyuta inafata. Programu za kukisia mdundo zimenisumbua sana hapo, kidumbak kinaongeza kasi kila kikiendelea, cherewa na mkwasa zinaingia, mashine inajikuta inahesabu nusu yake. Nimeamua mpigaji sanduku ndiye atakayeipa kasi kwa mguu, basi.

Wenzangu wa nje wananishauri nikipata rekodi nizimwage zote kwenye intaneti kila mtu achukue. Mie hapo nakataa. Siti binti Saad alikwenda mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa sababu mashine zilikuwa huko, na santuri zake zikauzwa pwani yote. Leo mashine iko mfukoni mwako, hatuna sababu ya kurekodi halafu tukawa wageni wa rekodi zetu. Sheria yetu ya hakimiliki ni ya 2003, iliandikwa kabla ya haya mambo ya kompyuta kujifunza kutokana na nyimbo za watu, kwa hiyo mpigaji aulizwe kwa maneno yanayoeleweka, unakubali isikilizwe, unakubali ifundishiwe mashine, haya ni maswali mawili mbalimbali na kila moja lina jibu lake na malipo yake. Faili zikae hapa, nakala moja kwenye klabu, moja kwa mpigaji. Pale Barcelona mradi wa CompMusic ulioanza 2011 umefanya kazi nzuri sana kwa muziki wa India, Uturuki, Maghreb na opera ya Beijing, na ilifanikiwa kwa kuwa wenye muziki walikuwemo ndani ya utafiti.

Yule maalim nilipomuonesha faili nimeliita "Rasti ya Zanzibar" akakataa, akasema andika jina langu, hiyo ni ya kwangu, mwengine ana yake na wa Pemba wana yao. Mimi nimemfata. Kwa hiyo wapigaji udi na fidla wa Wete na Chake, ikiwa mko tayari, mwaka ujao nakuja na maiki zangu, kila mtu faili lake kwa jina lake.