17 ya kukaa, 21 ya kulala

Nina glaukoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho polepole, na kila nikienda kupimwa presha ya macho mambo ni yale yale. Unaegemeza kidevu, paji la uso unaligandamiza kwenye mkanda, taa ya buluu inasogea mpaka igusane na jicho, na sauti inakwambia usipepese. Sekunde chache, basi. "17, nzuri," naambiwa, na kwa kuwa kawaida huhesabiwa kuanzia 10 hadi 21 (milimita za zebaki), natoka natabasamu.

Siku hizi tabasamu lenyewe nalitilia shaka. Ile 17 ni ya mtu aliyekaa wima, mchana, ametulia. Zile saa saba ninazolala ubavu, shavu limezama kwenye mto, nani anazipima?

Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa bila kukoma, yakatoka kupitia kichujio chembamba pembezoni mwa ile sehemu yenye rangi, yakaishia kwenye vena. Ukikaa, damu ya kichwani inateremka yenyewe. Ukilala, vena zinajaa, na maji ya jicho yanakuta foleni mlangoni. Presha inapanda milimita kadhaa, hata kwa asiye na ugonjwa. Ukilala ubavu, jicho la chini ndilo linaloelemewa zaidi. Na kusimama kwa kichwa, kama wafanyavyo watu wa yoga, huipandisha karibu mara mbili. Mwenye glaukoma aachane na mkao huo, yoga ina mikao mingine tele.

Mchana nako kuna visababu vyake. Tai iliyokaza shingo. Miwani ya kuogelea inayobana. Kufikicha macho, tabia ambayo mimi mwenyewe imenishinda. Kwenye vyuma, kinachoponza hasa ni kubana pumzi wakati wa kunyanyua, na mpiga tarumbeta anayesukuma noti ya juu yuko kwenye mkumbo huo huo. Lita nzima ya maji ukiinywa kwa mkupuo, presha inapanda kwa muda. Kunywa kidogo kidogo, usiache kunywa. Kuinama kufunga kamba za viatu wala kusikutie hofu. Kutembea kwa kasi, kinyume chake, huishusha.

Lalamiko langu ni hili: tunaulizwa kama tunaweka matone ya kushusha presha ya jicho, na ni haki tuulizwe, lakini sijawahi kuulizwa ninalalaje. Wala sijaulizwa vidonge vya presha ya damu nanywa saa ngapi, ingawa presha ya damu ikishuka mno usiku, neva ya jicho inakosa chakula saa hizo hizo presha ya jicho iko juu. (Usibadilishe saa za vidonge kwa sababu umenisoma mimi. Muulize aliyekuandikia.)

Kuna wenzangu nao huruka upande wa pili: wananunua mto mkubwa wa kuinua kichwa, chupa ya matone inawekwa kando. Hapana. Matone yamethibitishwa kuchelewesha upofu; mto haujathibitishwa. Kuinua kichwa nyuzi 20 hadi 30 hushusha presha ya usiku kwa baadhi ya watu, si wote, na ukirundika mito mitatu shingo ikakunjika, damu inazuiliwa pale pale ulipotaka ipite. Mimi nimeweka vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda, upande wa kichwani. Wiki ya kwanza nilikuwa naamka nimeteleza mpaka vidole vya miguu vinaning'inia.

Safari iliyopita nikamwomba daktari anipime nimelala. Akacheka, akasema mashine yake haijui kulala, kisha akaenda kutafuta kile kipimo kidogo cha kushika mkononi. Nikalala chali dakika kumi, nikitazama dari. Ikaja 21.

Akaziandika zote mbili kwenye faili, ya kukaa na ya kulala, akachora mstari chini ya ile ya pili. "Haya, daktari," nikamwambia, "sasa tuzungumze."